Gia kuanzia chini, breki kuanzia kwenye rula

Fremu niliyoijenga upya ni ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ya mabomba ya chuma ya Reynolds 531. Rangi ilikuwa imechakaa na kromu imeshikwa na kutu, lakini mabomba yenyewe yalikuwa mazima na yamenyooka. Iliundwa kwa safari tangu mwanzo: mkia mrefu ili visigino visigonge mabegi, nafasi ya kutosha ya madigadi, na matundu ya kufungia keria. Nilitaka irudi barabarani na mzigo wake, ipande milima mirefu na ishuke bila kunitia hofu. Kwa hiyo kabla sijaulizia kifaa hata kimoja, nilikaa nayo chini na rula, uzi na daftari.

Nawashauri wote wanaoanza kazi hii wafanye hivyohivyo. Mambo mengi tunayodhani ni hiari yetu, fremu ilishayaamua zamani. Pima kwanza upana wa midomo ya nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Baiskeli za sproketi tano, yale magurudumu ya meno ya nyuma, kwa kawaida zilikuwa na milimita 120, za sita na saba zikawa na 126, baadaye za barabarani zikafika 130 na za milimani 135. Yangu ilisoma 126. Halafu angalia nyuzi za skrubu za bomba la chini, mahali inapopita ekseli ya kranki, ile mikono inayoshika pedali. Za Kiingereza ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kwa kila inchi, na kikombe cha beringi cha upande wa cheni hufunguliwa kinyume na kawaida. Za Kifaransa ni milimita 35 na za Kitaliano ni milimita 36, na kwa hizo mbili vikombe vyote hukazwa kwa kwenda kulia. Usipolijua hilo utang'ang'ana na spana ndefu huku ukizidi kukikaza kile unachotaka kukitoa. Yangu ilikuwa ya Kiingereza, jambo zuri, maana vipuri vyake bado vinatengenezwa kwa wingi.

Sasa gia. Watu wengi huanza kuzichagua kutoka juu: nitafika mwendo gani kwenye tambarare, sahani kubwa ya mbele iwe na meno mangapi. Kwa baiskeli ya mzigo naona hesabu hiyo imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Gia ya kwanza kuamuliwa ni ile nyepesi kuliko zote, ile utakayoitegemea mwisho wa siku, mlima haujaisha na miguu imeshachoka. Zote zilizobaki zitajipanga juu yake.

Njia rahisi ya kulinganisha gia ni kuuliza baiskeli inasogea mita ngapi kila kranki inapozunguka mara moja. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Gurudumu la saizi ya 700C lenye tairi la milimita 32 lina mzingo wa mita 2.155 hivi. Baiskeli yangu ilikuja na sahani mbili mbele, meno 52 na 40, na sproketi za 14 hadi 28 nyuma. Gia yake nyepesi kabisa ilikuwa 40 kwa 28, yaani mita 3.08 kwa kila mzunguko.

Ukiiangalia kwenye karatasi haionekani mbaya. Ipeleke mlimani uone. Tuseme mimi, baiskeli na mabegi tuna kilo 110, na mteremko ni wa asilimia 10. Kwenda kilomita 6 kwa saa kwenye mlima huo ni kazi ya karibu wati 180 dhidi ya uzito peke yake, na hicho ni kiasi ambacho mtu wa kawaida mwenye mazoezi anaweza kukivumilia. Kilomita 6 kwa saa ni mita 100 kwa dakika. Kwa gia ya mita 3.08, miguu itazunguka mara 32 tu kwa dakika. Hapo huendeshi tena: unasimama juu ya pedali moja, unahamia nyingine, usukani unayumba na magoti yanabeba kila kitu. Kwa gia ya mita 1.62, mwendo uleule na kazi ileile, miguu inazunguka mara 62. Kila mkanyago unadai karibu nusu ya nguvu. Mlima ni uleule na mapafu ni yaleyale, ila magoti yanaamka salama kesho yake. Hiyo mita 1.62 ndiyo niliyoiandika kwanza kwenye daftari, nikaipigia mstari.

Inafaa kukumbuka kwamba wasafiri walilijua hili zamani, kabla ya wanamashindano. Paul de Vivie, yule Mfaransa wa Saint-Étienne aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alizipigania gia nyingi tangu enzi ambazo watu waliona ni dalili ya unyonge, na Tour de France yenyewe haikuruhusu deraila, kile kifaa kinachohamisha cheni, hadi mwaka 1937. Lakini baiskeli nyingi zilizouzwa miaka ya 1970 kama za safari zilifungwa gia zinazofanana na za mashindano, kwa hiyo anayeirudisha moja katika hali yake ya kiwandani anarudisha na kasoro hiyo pia. Naheshimu sana uasili wa baiskeli za zamani, ila kwenye gia nyepesi siuheshimu hata kidogo.

Mita 1.62 hupatikana kwa meno 24 mbele na 32 nyuma. Hapo ndipo kranki ya zamani inapogoma. Kila kranki ina duara la bolti zinazoshika sahani, na upana wa duara hilo ndio unaoamua sahani ndogo kabisa inayoweza kukaa. Duara la milimita 144, lililoenea sana kwenye kranki nzuri za enzi hizo, haliteremki chini ya meno 41. La 130 linaishia 38. La 110 linafika 34. Ukitaka 24 unahitaji kranki ya sahani tatu yenye duara la pili la ndani la milimita 74. Wafaransa walikuwa na ufumbuzi wao, kranki za TA na Stronglight za mtindo wa kitalii zilizokubali hadi meno 26, na bado ni nzuri kutazama. Nilichagua ya 110 na 74 kwa sababu moja: sahani zake ni rahisi kupatikana, na sahani ya baiskeli ya safari ni kitu cha kuchakaa na kubadilishwa.

Mbele nikapanga 44, 34 na 24. Nyuma nikataka sproketi nane: 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, 32. Mtu akisikia tatu mara nane anasema gia 24. Si kweli, na kujua hivyo kunasaidia sana. Chukua 44 kwa 28: mita 3.39. Chukua 34 kwa 21: mita 3.49. Chukua 24 kwa 15: mita 3.45. Hizo ni gia tatu kwa jina, moja kwa mguu. Niliziandika zote na kufuta zinazojirudia na zile zinazopindisha cheni kupita kiasi, na zilizobaki zilinitosha kabisa. Kinachonifurahisha zaidi ni sahani ya kati. Kwa 34, cheni ikiwa katikati ya sproketi, kwenye 18, napata mita 4.07. Nikizungusha mara 75 kwa dakika ni kilomita 18 kwa saa, mwendo wa baiskeli yenye mzigo kwenye barabara ya kawaida. Sehemu kubwa ya siku naishi hapo, nikigusa 15 au 21 upepo unapobadilika, cheni ikiwa karibu imenyooka. Ile ndogo ya 24 naishusha mlima unapokuwa wa kweli. Kubwa ya 44 kwa 11 inanipa mita 8.62, zaidi ya kilomita 40 kwa saa nikizungusha mara 80. Mwendo ukizidi hapo nateremka tu bila kukanyaga.

Ningekosa haki nisipoutaja mpangilio wa zamani ambao bado naupenda: nusu hatua. Mbele unaweka sahani mbili zinazokaribiana, tuseme 50 na 45, tofauti ya asilimia 11. Nyuma sproketi chache zilizoachana kwa karibu asilimia 20, kama 14, 17, 20, 24, 28. Kubadilisha mbele ni nusu ya hatua ya nyuma, basi kila gia ni mpya na hakuna inayojirudia. Ongeza sahani ya tatu ya meno 28 kwa ajili ya milima na una kitu cha akili sana kwa sproketi tano tu. Gharama yake ni kwamba mara nyingi unabadilisha mbele na nyuma kwa pamoja, na kwenye barabara ya milima midogo midogo mikono haipumziki. Mwenye fremu ya 120 asiyetaka kuipanua ana sababu nzuri ya kuuchagua.

Mimi niliipanua. Kitovu cha gurudumu cha zamani kina friwili, yaani rundo la sproketi lenye utaratibu wake wa kuzunguka huru, linaloskrubiwa juu yake, na beringi ya upande wa cheni inakaa ndani sana, mbali na mdomo wa fremu. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki hakina mshiko, na mzigo wa nyuma hukipinda taratibu hadi kikatike. Kadiri sproketi zinavyoongezeka, kipande hicho kinarefuka. Vitovu vya kaseti, vyenye utaratibu huo ndani ya kitovu chenyewe, ambavyo Shimano walivitoa mwishoni mwa miaka ya 1970, husogeza beringi hadi karibu na ukingo wa nje. Kwa anayebeba mabegi nyuma, hiyo ndiyo faida kubwa ya kaseti, kuliko hata idadi ya gia. Kitovu cha sproketi nane kinahitaji milimita 130, nami nilikuwa na 126.

Chuma kinakubali kupindwa kikiwa baridi. Aluminiamu na kaboni havikubali, wala usijaribu. Milimita nne zilizopungua zinatoka mbili kila upande, na siri ni kuushughulikia kila upande peke yake na kupima kila mara. Chukua uzi mrefu, funga mwisho wake kwenye mdomo wa kulia wa nyuma, uzungushe mbele ya bomba la shingo, uurudishe hadi mdomo wa kushoto, uvute ukaze. Uzi unapita pande zote mbili za bomba la tandiko. Pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba, kulia na kushoto. Zikiwa sawa, mkia uko katikati. Mimi nilitumia ubao mrefu kama wenzo: nasukuma kidogo, naachia, chuma kinarudi sehemu kubwa ya mwendo wake, napima, nasukuma tena zaidi kidogo. Kuna wakati unahisi kabisa kimekubali, kwamba safari hii hakikurudi chote. Mwishowe midomo yenyewe hailali sambamba tena, kwa sababu imefuata mabomba kwenda nje. Inabidi inyooshwe, vinginevyo inaipinda ekseli ile uliyotaka kuiokoa. Kile kipande kinachobeba deraila nacho kinyooshwe siku hiyohiyo.

Deraila ina kipimo kinachosahauliwa: jumla ya meno inayoweza kuyamudu. Mbele 44 toa 24 ni 20. Nyuma 32 toa 11 ni 21. Jumla 41. Deraila fupi ya mashindano haiwezi kabisa kukusanya cheni yote hiyo. Nilitafuta ya milimani yenye mkono mrefu, inayomudu meno 43. Urefu wa cheni nao una kanuni moja nisiyoikubalia mjadala: lazima itoshe sahani kubwa na sproketi kubwa kwa pamoja, hata kama umejiapiza kutoitumia gia hiyo. Siku moja, ukiwa umechoka, utaipiga. Cheni ikiwa fupi itang'oa deraila au kupinda fremu. Ikining'inia kidogo kwenye ndogo kwa ndogo, hakuna litakaloharibika.

Kuhusu mikono ya kubadilishia gia, nilibaki na ile isiyo na hatua za kubofya. Mfumo wa kubofya wa Shimano, SIS, ulikuja mwaka 1984 kwenye Dura-Ace, na ni mtamu ukiwa umepangwa vizuri. Lakini unadai kila kitu kiwe cha familia moja: mkono, deraila, nafasi kati ya sproketi. Mkono usio na hatua haujali. Waya ukilegea, baiskeli ikianguka na deraila ikapinda kidogo, kaseti ikabadilishwa na ya kampuni nyingine, bado unasogeza mkono hadi cheni inyamaze na safari inaendelea. Mbele faida ni kubwa zaidi, kwa sababu unaweza kuisogeza deraila nusu milimita tu cheni inapoanza kuisugua. Niliiweka mikono mwishoni mwa usukani, kwenye ncha zilizopinda chini. Kwenye bomba la fremu, mahali pa asili, waya ni mfupi na kazi ni safi, ila ukiwa na mabegi ya mbele kwenye mlima wa kasi ndogo, kuutoa mkono mmoja kwenye usukani ndiko kunakokuyumbisha.

Breki zilinichukua muda mrefu kuliko gia, na ndivyo inavyostahili.

Swali la kwanza ni umbali, na hakuna sifa ya breki inayoweza kulifidia. Unapima kutoka katikati ya tundu la breki kwenye kichwa cha foki hadi katikati ya ukuta wa rimu, pale raba inapobana. Fremu yangu ilijengwa kwa magurudumu ya inchi 27, ambayo rimu zake zina kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa. Rimu za 700C zina 622, nami nilizitaka kwa sababu matairi yake ni mengi na ya kila upana. Tofauti ni milimita 8 za kipenyo, yaani kila raba lazima ishuke milimita 4 zaidi. Nilipima 60 mbele na 64 nyuma. Breki za kisasa za barabarani hufika 49 tu, zile za kati hufika 57, kwa hiyo zote zikaondoka mezani papo hapo. Zimebaki za mikono mirefu, zinazokaribia 73, na zile za zamani zenyewe.

Urefu wa mkono una bei yake. Breki ni wenzo: umbali wa kutoka ekseli yake ndogo hadi raba ukiongezeka, na ule wa hadi waya ukabaki palepale, nguvu inapungua na mkono unapinda zaidi. Hii ndiyo sababu breki ndefu za kuvuta upande mmoja za miaka ile zilikuwa na sifa mbaya. Breki za kuvuta katikati ni habari nyingine. Kila mkono una ekseli yake pembeni, karibu na rimu, na waya mfupi unaounganisha mikono miwili unavutwa kutoka katikati. Zinabana sawa pande zote mbili, zinapisha madigadi kwa raha, na nguvu yake ni nzuri kuliko watu wanavyoamini. Baiskeli yangu ilikuja nazo, na nilipoinua ile raba hadi juu kabisa kisha kuishusha hadi mwisho wa nafasi yake, zilifika kwenye rimu mpya. Nikaamua zibaki.

Wanaozilaumu breki za zamani mara nyingi wanalaumu vitu vitatu ambavyo si breki. Cha kwanza ni raba. Bonyeza kucha kwenye raba ya zamani. Isipoacha alama, itupe, hata ikiwa haijatumika. Cha pili ni rimu ya chuma yenye kromu, ambayo ikilowa karibu haishikiki kabisa. Rimu ya aluminiamu inabadilisha breki ileile kuwa kitu kingine, na kwa maoni yangu hakuna matengenezo ya usalama yanayoizidi hiyo. Cha tatu ni waya na ala yake, ile neli inayoufunika.

Kuhusu ala nitasema kwa nguvu. Ala ya breki imetengenezwa kwa chuma kilichojizungusha kama springi, na inastahimili mbano mkubwa. Ala za gia za mfumo wa kubofya zina nyuzi za chuma zinazokwenda kwa urefu, zimeshikwa na plastiki tu. Zinafanana kwa nje. Ukiiweka ya gia kwenye breki, siku ya kubana kwa nguvu zote inaweza kupasuka na breki ikatoweka. Soma maandishi yaliyo juu yake, na ukiwa na shaka kata ncha uangalie ndani. Ukikata ala ya breki, ncha yake huwa imebanwa na chuma kimejikunja kuelekea kwenye tundu. Mimi huipiga tupa hadi iwe bapa kabisa, nafungua tundu la ndani kwa ncha ya msumari mwembamba, kisha navisha kifuniko. Ncha isiyo bapa inabonyea kila ukibana, na mbonyeo huo mdogo ndio ule ulaini unaousikia mkononi.

Rafiki yangu alikuwa akijenga ya kwake wakati uleule, na fremu yake ilikuwa na vishina vya kantileva vilivyochomelewa kwenye foki. Mwenye vishina hivyo ana bahati: nguvu nyingi, nafasi ya tairi nene, na matope hayakwami. Alifunga breki za V akitumia vishikio vya usukani uliopinda chini. Vishikio vile huvuta waya mfupi, na breki za V zinataka waya mrefu. Matokeo yake raba lazima zikae zikigusana na rimu, au kishikio kinafika kwenye usukani kabla baiskeli haijasimama. Kinyume chake nacho ni kibaya: kishikio cha V kwenye kantileva kinakuwa kigumu mkononi na breki haibani. Alirudi kwenye kantileva za kawaida na tatizo likaisha.

Kantileva zake zilitufundisha mambo mawili zaidi. Ule waya mfupi unaounganisha mikono ukishushwa karibu na tairi, nguvu inaongezeka lakini raba zinasogea kidogo kwa kila mvuto. Ukiinuliwa, kinyume chake. Tulikuwa tukishusha kidogo kidogo hadi kishikio kilipoanza kukaribia usukani, kisha tukarudi hatua moja. Jambo la pili ni mtetemeko. Mbele, kila akibana, foki nzima ilitikisika hadi meno yagongane. Sababu ni kwamba kizuizi cha ala kilikuwa juu, kwenye shingo ya usukani. Foki ikipinda nyuma kwa kubanwa, waya unazidi kukazwa, breki inazidi kubana, inaachia, inarudia. Kizuizi kilipohamishiwa kwenye kichwa cha foki chenyewe, mtetemeko ulikwisha siku hiyohiyo.

Kwa breki hizi zote zenye waya wa kuunganisha, usiendeshe bila madigadi au kipande cha chuma juu ya tairi la mbele. Waya mkuu ukikatika, ule mfupi huanguka juu ya tairi, na ukinaswa unaweza kulifunga gurudumu ghafla.

Watu wameniuliza kwa nini sikuweka diski. Mabomba membamba ya foki ya 531 yaliundwa kupokea nguvu ya breki juu, kwenye kichwa, pande zote mbili kwa usawa. Diski hubana chini, karibu na ekseli, upande mmoja. Foki hiyo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kuichomelea kishikio hakuifanyi iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Raba mpya nilizipanga zigusane na rimu kwa ncha ya mbele kwanza, milimita moja hivi kabla ya nyuma. Nakunja kadi nyembamba, naiweka kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, nabana kishikio, nakaza nati huku raba ikiwa imelala juu ya kadi, natoa kadi. Breki zangu hazijawahi kupiga kelele tangu hapo. Pia nazisafisha kuta za rimu na kuzichomoa punje za aluminiamu zinazojichoma ndani ya raba, maana hizo ndizo zinazoikwangua rimu hadi ikawa nyembamba.

Kwenye mteremko mrefu na mzigo, namna ya kubana ni muhimu kama breki yenyewe. Kilo 110 zikishuka mita 500 zinaachia nishati ya kilojuli 540 hivi, na nishati hiyo lazima iende mahali. Ukishuka kwa kasi, upepo unabeba sehemu kubwa. Ukiburuza breki mwendo mdogo bila kuachia, karibu yote inaingia kwenye rimu, na rimu ya moto inaweza kupasua mpira wa ndani. Nabana kwa nguvu kabla ya kona, naachia kabisa, naiacha rimu ipoe, nabana tena. Barabara ikiwa mbaya kiasi cha kukataa kasi yoyote, nasimama, nagusa rimu kwa tahadhari, nasubiri.

Nikishaendesha na mzigo kamili kwa mara ya kwanza, narudi kwenye vitu vichache kabla sijaiamini baiskeli: bolti za kranki za kulia na kushoto, ambazo hulegea zikishaingia vizuri kwenye ekseli, waya za breki, ambazo zinanyooka na kuomba kukazwa, spoki za nyuma upande wa cheni, na bolti za keria. Nyuma, pale kwenye 64, raba ilikuwa imeshuka milimita moja kwenye nafasi yake kwa sababu nati yake haikukazwa vya kutosha. Niliirudisha, nikaongeza wosha yenye meno, nikaikaza.